Meiza za maji, za methanoli au za haidroksili: kituo cha darubini ya redio cha Dodoma kianze na zipi?

Kikundi chenye dishi moja na fedha kidogo hapa Dodoma kinaweza kufuatilia meiza za angani, yaani mawingu ya gesi yanayokuza mawimbi ya redio kama leza inavyokuza mwanga. Kabla ya kununua chochote, kichague mstari gani wa redio (masafa mahususi yanayotolewa na molekuli fulani) kitausikiliza, maana dishi, kipokezi, eneo na ratiba vyote vinategemea uchaguzi huo. Msimamo wetu ni huu: meiza za maji ni rahisi kuziona na ngumu kuzipima. Za methanoli zina kazi kubwa zaidi ya kuunda kipokezi, lakini ukishazipata, namba unayoandika leo unaweza kuilinganisha na ya mwezi ujao bila wasiwasi mwingi. Na kazi yenyewe ni kufuatilia mabadiliko, si kuona tu.

Meiza hutokea ndani ya mawingu ya gesi na vumbi yanayozaa nyota. Molekuli za aina fulani hujikuta zikiwa nyingi katika ngazi ya juu ya nishati kuliko ya chini, na wimbi la redio la masafa yanayolingana likipita humo hukuzwa kila hatua. Maji husukumwa na migongano. Michirizi ya gesi inayotoka kwa nyota changa hugonga wingu, gesi hupata joto, na meiza huwaka pale penye mshtuko. Kwa sababu hiyo maji hubadilika hovyo, na kilele kimoja cha spektra (mchoro wa nguvu kwa kila masafa) kinaweza kupanda mara kumi ndani ya wiki chache kisha kikafa. Katika Orion KL, chanzo kilicho katika kundinyota la Orion, kilele kilicho karibu na kilomita 8 kwa sekunde (masafa huandikwa kama kasi ya gesi kuelekea au kutoka kwetu) kiliwaka kati ya 1979 na 1985 hadi kufikia mamilioni ya jansky (kizio cha nguvu ya chanzo cha redio), kikarudi 1998, kikarudi tena 2011.

Methanoli ya 6.7 GHz haitegemei migongano. Hulishwa na mionzi ya infraredi ya vumbi la moto linaloizunguka nyota changa iliyo nzito. Nyota ikimeza gesi nyingi kwa ghafla, vumbi hupata joto na meiza hupanda nalo. Ndivyo ilivyotokea kwa chanzo cha S255IR mwaka 2015. Vyanzo vingine hupanda na kushuka kwa kalenda. G9.62+0.20E hurudia kila siku 243 hivi, jambo lililogunduliwa kwa dishi la mita 26 la Hartebeesthoek, Afrika Kusini. Haidroksili nayo hubadilika taratibu, na ladha yake iko kwenye upolaraizi (mwelekeo ambao wimbi hutikisika), kwa sababu uga wa sumaku hugawa mstari wake sehemu mbili.

Jedwali lifuatalo ni hesabu. Saa moja ya kazi, nusu yake dishi likiwa juu ya chanzo na nusu yake likiwa pembeni, upolaraizi mmoja, chaneli (kipande chembamba cha masafa) ya kilomita 0.5 kwa sekunde kwa maji na 0.2 kwa mengine. Safu mlalo ya mwisho ni chanzo hafifu kabisa utakachokiamini, yaani mara tano ya kelele.

| | Maji | Methanoli 6.7 | Methanoli 12.2 | Haidroksili |
|---|---|---|---|---|
| Masafa (MHz) | 22,235.08 | 6,668.52 | 12,178.60 | 1,665.40 na 1,667.36 |
| Urefu wa wimbi (sm) | 1.35 | 4.50 | 2.46 | 18 |
| Km 1 kwa sekunde ni (kHz) | 74.2 | 22.2 | 40.6 | 5.6 |
| Dishi | m 1.8, la VSAT (la intaneti ya setilaiti) | m 3, la vipande | m 1.8, la VSAT | m 3, la wavu |
| Kelele ya mfumo (kelvini) | 200 | 100 | 90 | 60 |
| Kikomo cha kuona (jansky) | 400 | 220 | 330 | 210 |

Ukiwa na dishi tofauti, piga hesabu mwenyewe: 2760 mara kelele ya mfumo kwa kelvini, gawa kwa eneo fanisi la dishi kwa mita za mraba, gawa tena kwa kipeuo cha pili (mzizi wa mraba) cha upana wa chaneli kwa hertzi mara sekunde ulizokaa juu ya chanzo, kisha zidisha kwa 1.4 kwa sababu unatoa kipimo kimoja kwenye kingine. Jibu ni kelele kwa jansky.

Ukiangalia safu hiyo ya mwisho peke yake utadhani maji ndiyo yameshindwa. Sivyo. W49N hutoa makumi ya maelfu ya jansky kwenye 22 GHz, na Orion KL hata ikiwa imetulia mara nyingi huwa na maelfu. Kikomo cha 400 hakiwasumbui. Kwa methanoli ya 6.7 GHz, G9.62+0.20 ina maelfu ya jansky, na zipo nyingine kadhaa za anga la kusini zinazovuka 1,000. Kwenye haidroksili vyanzo vikali ni vya mamia machache tu, yaani unafanya kazi ukingoni mwa kikomo kila siku. Kwa dishi la mita 3 hatuipendekezi, isipokuwa kama zoezi la kupokea mistari miwili kwa mpigo mmoja. Iko umbali wa MHz 1.96 tu.

Tuanze na hewa, kwa kuwa ndiyo inayoleta udanganyifu mkubwa. Mstari wa 22.235 GHz ni wa maji, na maji hayohayo yako pia katika hewa iliyo juu ya dishi lako. Chukua siku ya Februari yenye unyevu, hewa ya utosini ikiwa na uzito (kipimo cha jinsi inavyomeza wimbi) wa 0.2. Chanzo kikiwa digrii 30 juu ya upeo wa macho, wimbi hupita hewa mara mbili zaidi, na theluthi moja ya nguvu inapotea njiani. Mtu asiyepima hewa ataandika kwamba meiza imeshuka kwa asilimia 33, kumbe ni mawingu. Mvua yenyewe ikinyesha, funga kazi. Hata tone la maji kwenye kifuniko cha honi (mdomo wa kupokelea mawimbi yanayokusanywa na dishi) huharibu kipimo.

Hapa Dodoma ina bahati. Tuko mita 1,100 hivi juu ya usawa wa bahari, mvua ya mwaka mzima ni kama milimita 570, na karibu yote huanguka kati ya mwishoni mwa Novemba na Aprili. Kuanzia Mei hadi Oktoba hewa ni kavu. Pwani hawana hilo. Lakini ukichagua maji, kubali kwamba una msimu mzuri mmoja kwa mwaka, na kwamba hata ndani ya msimu huo kila kipindi cha kazi kinaanza na kumalizika kwa kupima anga. Lenga dishi mahali pasipo na chanzo, utosini kwanza, kisha digrii 42, 30 na 19.5. Hizo ni hewa 1, 1.5, 2 na 3. Chora nguvu ya kelele dhidi ya idadi ya hewa. Mteremko wa mstari ndio unaokupa uzito wa anga la siku ile. Halafu funika honi kwa sponji nyeusi yenye kaboni iliyo kwenye joto la kawaida, linganisha na anga la utosini. Kipokezi chenye kelvini 160 chini ya anga la kelvini 40 kitakupa tofauti ya desibeli 3.6. Ikishuka hadi 3.0 wakati kipokezi hakijaguswa, anga limeongeza kama kelvini 30.

Kwenye 6.7 GHz hewa ya utosini hula kama asilimia moja. Basi. Unaweza kufanya kazi Januari, chini ya mawingu, na tofauti ya asilimia 10 kati ya wiki mbili ukaichukulia kuwa ya nyota.

Jambo la pili ni uso wa dishi, na hapa watu wengi hununua vibaya. Dishi la mita 3 la vipande sita, lililotengenezwa kwa ajili ya chaneli za televisheni za bendi C (GHz 4 hivi), mara nyingi lina makosa ya wastani ya milimita 2 baada ya kufungwa. Kwa 6.7 GHz hilo linakubalika; robo tatu hivi ya nguvu inabaki. Kwa 22 GHz inabaki asilimia 3. Dishi la VSAT la mita 1.8 la kipande kimoja, lenye kosa la nusu milimita, litakusanya maji takriban mara tisa zaidi ya lile kubwa. Kwenye 12.2 GHz madishi haya mawili yanakaribia kulingana kabisa, kwa hiyo kulihangaikia lile kubwa kwa mstari huo ni kujichosha. Dishi la wavu liachie haidroksili.

Udogo wa dishi una faida nyingine. Mwale, yaani eneo la anga ambalo dishi linaliona kwa mara moja, wa mita 1.8 kwenye 22 GHz una upana wa karibu nusu digrii, sawa na Mwezi ulivyo angani, hivyo kosa la kulenga la dakika 3 za tao halitakusumbua. Mwezi wenyewe unakuwa kipimo kizuri cha kuhakiki nguvu, ila joto lake la redio hubadilika kidogo kadiri unavyojaa na kupungua. Mita 3 kwenye 6.7 GHz zinakupa digrii moja, hata rahisi zaidi. Hasara ni kwamba NGC 6334F na NGC 6334I-MM1, ile iliyolipuka 2015, zinaingia zote ndani ya mwale mmoja, na utazitenganisha kwa kasi zao tu. Uso wa dishi upakwe rangi nyeupe isiyong'aa. Dishi linalong'aa likilengwa Jua, jambo ambalo utalifanya ili kusahihisha kulenga, huyeyusha kifuniko cha LNB (kipokezi kidogo kinachokaa mbele ya dishi) kwa dakika chache.

Kipokezi ndicho kinachowagawa watu. Kwa 12.2 GHz fundi dishi yeyote wa mtaani anakuuzia nusu ya kituo: LNB ya bendi Ku, ile ya madishi madogo ya televisheni. Ipe volti 13 au 18 kuchagua upolaraizi na mlio wa kHz 22 ili iende kwenye osileta (chombo cha kuzalisha wimbi la kushushia masafa) ya 10.6 GHz, mstari wa methanoli unatoka kwenye waya ukiwa 1,578.6 MHz, ndani ya uwezo wa kipokezi cha USB aina ya RTL-SDR. Tahadhari moja: GPS inatangaza kwenye 1,575.42, kilomita chini ya themanini kwa sekunde kutoka hapo. Waya mbovu au kiungio kilicholegea kitaiingiza GPS ndani ya spektra yako, na utashangilia meiza isiyokuwapo. Namna ya kuikamata ni kugeuza dishi pembeni: meiza itapotea, GPS itabaki.

Kwa 6.7 GHz hakuna LNB ya dukani. LNB ya bendi C huishia 4.2 GHz, na redio nyingi za kompyuta zinazouzwa kwa wanafunzi huishia 6. Unahitaji honi, kikuza mawimbi chenye kelele chini ya desibeli 1, kichujio, kichanganyi na osileta. Honi si tatizo. Chukua bomba la shaba lenye kipenyo cha ndani cha milimita 32, ziba upande mmoja kwa bati la shaba lililochomelewa vizuri pande zote, weka sindano ya kupokelea milimita 20 kutoka kwenye ukuta huo, urefu wake milimita 10 hadi 11, kisha uikate kidogo kidogo hadi ilingane. Usipanue bomba kupita milimita 34, kwani mawimbi ya mtindo mwingine yataanza kupita na mwale utaharibika.

Kikuza mawimbi kikae nyuma ya honi palepale. Mita moja ya waya kati yao inaweza kukugharimu kelvini nyingi kuliko tofauti ya kikuza ghali na cha kawaida. Osileta ya 5.2 GHz inashusha mstari hadi 1,468.5 MHz. Lakini osileta hiyohiyo inashusha pia 3,731.5 MHz hadi namba hiyohiyo, na hapo ni katikati kabisa ya matangazo ya setilaiti za bendi C. Bila kichujio kabla ya kichanganyi unaweza kupokea televisheni badala ya nyota. Tumeweka kichujio baada ya kikuza cha kwanza, si kabla, ili kisiongeze kelele.

Kwa 22 GHz mambo ni magumu zaidi. Mifereji ya mawimbi ya ukubwa huo ni ya milimita 10.7 kwa 4.3, kosa la nusu milimita linaonekana, na kipokezi hupatikana kwa kurekebisha LNB ya bendi Ka au kuagiza kilichotengenezwa maalumu. Kikiharibika katikati ya kiangazi, msimu umekwisha. Nunua viwili au usianze.

Osileta ina kanuni moja inayofaa kwa mistari yote: kosa la sehemu moja kwa milioni ni kilomita 0.3 kwa sekunde. LNB ya zamani isiyofungwa kwa kristali inaweza kuhama MHz 1 kati ya asubuhi ya baridi ya Julai na saa nane mchana, kwenye 12.2 GHz hizo ni kilomita 25 kwa sekunde, na meiza nzima inakuwa imetoka pale ulipoitafuta. Nunua LNB ya kristali, na kama fedha inaruhusu ifunge kwa saa inayoongozwa na GPS. Usisahau kwamba Dunia yenyewe hutusogeza hadi kilomita 30 kwa sekunde kuelekea au kutoka kwenye chanzo, kulingana na mwezi wa mwaka.

RTL-SDR inashika upana wa MHz 2.4. Kwa methanoli ya 6.7 hizo ni kilomita 108 kwa sekunde, na meiza ya kawaida haifiki hata 20, kwa hiyo una nafasi ya kutosha ya kuhamisha masafa kidogo huku na huku badala ya kuhamisha dishi. Kwa maji ni kilomita 32 tu. Orion KL itaingia kwa kubana. W49N, ambayo mistari yake imetawanyika kwa mamia ya kilomita kwa sekunde, haitaingia. Kituo cha maji kinahitaji redio yenye upana wa MHz 20 au zaidi, na kompyuta inayoweza kuimeza.

Kuhusu eneo, watu wa darubini za macho hupenda kilima. Sisi tunataka bonde. Juu ya vilima vya Chuo Kikuu cha Dodoma unaona minara ya simu ya mji mzima, na minara nayo inakuona. Mawasiliano kati ya minara hutumia sana masafa ya karibu na 23 GHz na pia yale ya 6.4 hadi 7.1 GHz. Kwenye kanuni za kimataifa, 22.21 hadi 22.5 GHz imetengewa unajimu wa redio pamoja na watumiaji wengine, 1,660 hadi 1,670 MHz vivyo hivyo, ila 6,650 hadi 6,675.2 ni ombi tu la kuhurumiwa, na 12.2 ni ya televisheni za setilaiti moja kwa moja. Sehemu iliyozungukwa na mawe makubwa ya granaiti, ambayo huku kwetu hayakosekani, hufanya kazi nzuri kuliko kichujio cha bei. Kabla ya kumwaga zege tembea eneo na kipokezi na honi ndogo, zungusha digrii 360, asubuhi na jioni. Kisha ulizia TCRA, mamlaka ya mawasiliano, ni viungo gani vya microwave vinapita juu ya eneo hilo.

Setilaiti za televisheni hazitishi kama inavyodhaniwa. Kutoka Dodoma ukanda wao uko kama digrii 1 kaskazini mwa ikweta ya anga. NGC 6334 iko digrii 36 kusini mwa ikweta hiyo, G9.62 digrii 20. Zinachofanya ni kuongeza kelvini chache za kelele na kuacha ngazi ndogo kwenye ukingo wa kila chaneli. Orion, iliyo digrii 5 tu kusini, inateseka zaidi.

Na Orion ina tatizo jingine la kwetu. Dodoma iko digrii 6 na dakika 10 kusini, kwa hiyo Orion KL inapita utosini, ikipungua chini ya digrii moja. Dishi linalozunguka na kuinama litatakiwa kugeuka karibu digrii 18 kwa dakika wakati huo, na mota za kawaida zitaachwa. Tumia mhimili wa polari wa dishi la televisheni: ulale kaskazini-kusini, ncha ya kusini ikiinuliwa digrii 6, jeki moja isogeze kwa saa. Sehemu ya kurekebisha mlalo wa anga (digrii za kusini au kaskazini mwa ikweta ya anga), ambayo kiwandani huruhusu digrii chache, mpe fundi wa kuchomelea aiongeze ifike kati ya −36 na +15. W3(OH), chanzo ambacho vitabu vya kaskazini hukitaja kwanza, haifiki hapa zaidi ya digrii 22 juu ya upeo wa macho. Iache.

Kuna wanaoweza kuacha dishi kabisa. Kituo cha Ibaraki, Japani, hutoa mtandaoni vipimo vya methanoli vya vyanzo vingi. Uchunguzi wa Methanol Multibeam wa dishi la Parkes, Australia, unatoa orodha ya anga la kusini. HOPS, uliofanywa kwa dishi la Mopra, unatoa ya maji. Tangu 2017 shirika la M2O hutangaza meiza inapolipuka. Mwanafunzi wa shahada ya kwanza mwenye miezi sita anapata zaidi huko kuliko kwa kuchomelea chuma. Anachokosa ni kujua kelele inatoka wapi.

Basi kwa shule ya sekondari au klabu: 12.2 GHz, dishi la mita 1.8, chanzo kimoja, NGC 6334F, yenye mamia ya jansky. Ni zoezi la kujifunza kulenga, kupima na kutoa kelele, wala msiitarajie iwape orodha ndefu. Kwa idara ya chuo inayotaka kumbukumbu ya miaka: 6.7 GHz, mita 3, vyanzo vitano au sita mara moja kwa wiki, G9.62 ikiwa ya kwanza kwa sababu mnajua lini itapanda na mtajua kama kituo kinadanganya. Maji yachaguliwe na wale wenye mtu wa kukaa kituoni kila siku ya pili kuanzia Mei hadi Oktoba, maana mlipuko unaweza kwisha kati ya Jumatatu mbili. Na wakichagua, wanunue sponji ya kaboni na dishi la VSAT kabla ya kipokezi. W49N itafika digrii 75 juu ya Dodoma saa sita usiku katikati ya Julai, hewa ikiwa kavu.